Kazi Ikifa, Mwanamume Afanye Nini? Somo kutoka Busia na Tororo

[KIASHIRIA CHA KIPINDI, SEKUNDE 15, KISHA SHUSHA]

Kipindi cha leo ni cha kila mtu, lakini kwa mara hii naomba akina baba na akina kaka wasogee karibu na redio. Akina mama, msiondoke. Mtaona huko mbele kwamba bila ninyi jambo hili halikamiliki.

Ujumbe mwingi unaotufikia siku hizi unatoka kwa wanaume, na karibu wote wanauliza jambo moja. Mgao umepungua au umekatwa. Kibarua kilichokuwepo hakipo. Nyumbani watoto wanatazama mkono wa baba, na mkono hauna kitu. Afanye nini? Wapo ambao hata hawaulizi. Wanasema tu kwamba wanatoka asubuhi na kurudi usiku ili majirani wasiwaone wamekaa.

Tukumbushane tulikopita. Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilishusha mgao wa wakimbizi hapa Uganda hadi asilimia 70. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 tukapangwa katika makundi kulingana na hali ya kila nyumba. Na Mei 2025, fedha za wafadhili zilipopungua sana, watu wapatao milioni 1 nchini Uganda waliondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Mgao ukirudi, tutawatangazia hapa hapa. Leo nataka tuangalie wanaume wa sehemu moja ambao kazi imewafia mikononi mara nyingi, bila vita na bila kadi ya WFP. Tuone nini kiliwaangusha na nini kiliwashika.

[MUZIKI, SEKUNDE 10]

SEHEMU YA KWANZA: KWA NINI BUSIA NA TORORO

Majirani zetu Wakenya hapa hawahitaji kuelezwa Busia ni wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilipochomwa kule Kenya, maelfu ya watu walivuka kupitia Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008. Walipokewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye wakaletwa hapa Kiryandongo.

Kwa wengine, acha nieleze. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Upande huu ni Uganda, upande ule ni Kenya, na jina ni lile lile. Ukienda kaskazini unafika Malaba, mpaka wa pili, ambao kwa upande wa Uganda uko Tororo. Ndani kidogo, kando ya barabara itokayo Bugiri kwenda Tororo, iko Busitema, penye chuo kikuu kilichoanza mwaka 2007 mahali palipokuwa chuo cha zana za kilimo. Wenyeji ni Wasamia, Wagwe, Wapadhola na Wateso, na wengi wao wana ndugu ng'ambo ya pili.

Wanaume wa huko wanalima mihogo, mtama na mahindi, lakini mpaka wenyewe ni shamba lao la pili. Malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba yanapita hapo. Penye lori pana mpakuaji, mlinzi, fundi wa tairi, mbadilisha pesa, karani na mbeba mizigo. Ndiyo maana jambo lolote likibadilishwa pale mpakani, kuna mwanamume fulani anayerudi nyumbani bila kitu.

SEHEMU YA PILI: KAZI NNE ZILIZOBADILIKA

Tuanze na baiskeli. Neno boda boda, ambalo leo linasemwa hadi Dar es Salaam, lilizaliwa kwenye mpaka huu. Kati ya kizuizi cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na mwendo ambao abiria aliyeshuka kwenye basi alipaswa kuutembea na mizigo yake kichwani. Wengi husimulia kwamba tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliweka mto kwenye keria na kuita wateja wakisema boda, boda, yaani kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Kazi hiyo ililisha nyumba nyingi. Baiskeli ilinunulika, haikutaka petroli, wala haikutaka leseni ya dereva.

Kisha zikaja pikipiki. Zilianza kuonekana miaka ya 1990, na katika miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zikajaa kila steji. Abiria hakutaka tena kukaa nyuma ya mtu anayehema mlimani. Mwenye baiskeli hakufukuzwa na mtu. Wateja walimpita tu, siku hadi siku, mpaka akabaki kubeba magunia na madumu. Na bei ya pikipiki ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya baiskeli. Aliyekuwa na akiba au watu wa kumdhamini aliruka upande wa pili. Asiye nayo alibaki chini ya mti.

Kazi ya pili ni ya ndugu zetu wenye ulemavu wa miguu. Busia imejulikana kwa miaka mingi kwa wanaume na wanawake wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono na kuvusha bidhaa. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao mwaka 2007. Kwa kiasi fulani maofisa wa forodha waliwaachia wapite na mizigo yao midogo, na wafanyabiashara wakaona faida ya kuwatumia. Watu ambao kwao walihesabiwa kuwa mzigo wakawa wanalipa karo na kujenga nyumba. Tena waliungana katika chama chao, wakawa na sauti moja mbele ya wakubwa wa mpaka.

Lakini tarehe 1 Januari 2005 Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza. Ushuru kati ya nchi zetu ukapunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia 2010 bidhaa nyingi za kanda zilipita bila ushuru. Ushuru unapoondoka, faida ya kumtumia mtu anayepita bila kulipa ushuru nayo inapungua. Kwa nchi ilikuwa habari njema. Kwa mtu mwenye magurudumu matatu ilikuwa mshahara unaokatwa.

Kazi ya tatu ni ya watu wa kalamu. Msidhani mabadiliko huwapata wasiosoma peke yao. Maajenti wa forodha wa Malaba na Busia walikuwa na ofisi, shati jeupe na muhuri. Lori likifika, wao ndio walioandika karatasi ili mzigo upite. Mwaka 2014 nchi zetu zilianza utaratibu uitwao Himaya Moja ya Forodha. Maana yake, mzigo wa kwenda Kampala unakamilishiwa karatasi na kodi kabla haujatoka bandarini Mombasa. Lori likifika mpakani limeshamaliza mambo yake. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Museveni na Rais Kenyatta wakazindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Foleni zikapungua. Karani naye akapungua, na mama lishe aliyekuwa akimuuzia dereva chakula wakati wa kusubiri akapungukiwa pia.

Kazi ya nne ilisimama kwa usiku mmoja. Machi 2020, kwa ajili ya Korona, Uganda ilifunga mipaka kwa watu, na malori ya mizigo pekee ndiyo yaliyoendelea kupita. Waendesha boda boda walikatazwa kubeba abiria hadi tarehe 27 Julai. Fikiria mtu anayelipa pikipiki kwa mkopo, wiki kwa wiki, halafu anaambiwa asibebe abiria kwa miezi minne.

Baadhi ya wanaume walio katika shida hukimbilia dhahabu. Kule Tiira, karibu na Busitema, watu huchimba mashimo kwa mikono na kuokota dhahabu kwa zebaki. Siwezi kupita hapo bila onyo. Zebaki ikichomwa ili dhahabu ibaki, moshi wake huingia mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu, na anayeumia haraka ni mtoto au mama mjamzito aliye karibu na jiko. Ukisikia kaka anasema amepata kazi ya haraka shimoni, mwulize kwanza watachomea wapi.

Sasa, msikilizaji, hesabu nami. Mwenye baiskeli, mwenye magurudumu matatu, ajenti na mwendesha boda. Kati ya hao wanne, ni nani aliyepoteza kazi kwa uvivu? Hakuna. Mmoja aliangushwa na chombo kipya, wawili na sheria nzuri iliyopitishwa mbali, mmoja na ugonjwa. Nasi hapa tumeangushwa na bajeti za nchi za mbali. Kosa halikuwa lao wala si letu. Jambo hili tuliseme kwa sauti, kwa sababu ninayotaja sasa huanzia pale ambapo halisemwi.

[MUZIKI, SEKUNDE 10]

SEHEMU YA TATU: AIBU INAVYOKULA PESA

Mwanamume akipoteza kipato, mara nyingi pesa anazopoteza baadaye ni nyingi kuliko zile za kazi yenyewe. Njia ni hii.

Tuseme baba anapata shilingi 15,000 kwa siku, na kazi inakatika. Hamwambii mke. Kila asubuhi anatoka kama kawaida. Jioni anatakiwa alete kitu, basi anakopa kwa rafiki. Rafiki wa pili, wa tatu. Akikaa na wenzake kwenye chungu cha ajon, zamu yake ya kuchangia ikifika anachangia, maana akikataa watajua. Mwezi wa pili anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani na kuacha simu au kitambulisho kama rehani. Mwezi wa tatu mbuzi wanauzwa kimyakimya, au kipande cha shamba kinakodishwa kwa bei ya kutupa. Siku mke anapojua, nyumba imeshapoteza kazi, simu, mbuzi na msimu mmoja wa kulima. Pengine pia imepata ugomvi, kwa sababu mtu mwenye siri hukasirika haraka akiulizwa.

Angalieni: kazi ilikula 15,000 kwa siku. Mbuzi, simu na shamba vililiwa na aibu.

Angesema siku ya kwanza, mambo matatu yangewezekana. Matumizi yangepunguzwa siku hiyo hiyo. Mke, ambaye huenda anakaanga mandazi au anauza nyanya, angepanga mtaji wake akijua ndio unaotegemewa. Na wenzake wangemwambia kazi iliko, kwa kuwa hakuna mtu anayemtafutia kazi mtu anayeonekana anayo.

Ndiyo sababu nasema kikundi cha wanaume kina thamani kwanza kama mahali pa kusema sina. Pesa zinafuata. Kikundi kizuri hulifanya neno hilo kuwa sehemu ya kawaida ya mkutano, kama vile kuita majina.

SEHEMU YA NNE: SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Kuweka pamoja si jambo geni kwetu. Wakongo tuna likelemba, Wakenya wana chama, Watanzania wana vikoba. Kwenye steji nyingi za boda boda wanachama huchanga mwenzao akipata ajali au msiba. Njia ninayotaka kueleza leo ni ile ya akiba na mikopo ya kijiji. Ilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 pamoja na wanawake wa Maradi, nayo imeenea Afrika nzima. Haihitaji benki, wala pesa ya mfadhili.

Watu 15 hadi 25 wanaojuana wanakaa na kuandika katiba fupi. Wanachagua mwenyekiti, mwandishi, mtunza sanduku na wahesabu pesa wawili. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti ambao hawamo kwenye uongozi. Halifunguliwi isipokuwa mkutanoni, mbele ya wote.

Tuchukue mfano. Kikundi kina watu 20. Wamekubaliana hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mkutano mtu ananunua hisa 1 hadi 5 kadiri ya wiki yake ilivyokwenda. Wakinunua hisa 3 kwa wastani, kila mtu anaweka 6,000 na sanduku linapata 120,000 kwa wiki. Kwa mikutano 50 ni shilingi 6,000,000. Hakuna aliyetoa kitu kikubwa kwa siku moja.

Baada ya wiki chache mikopo inaanza. Mtu anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwenye akiba ya 60,000 anakopa hadi 180,000, na riba ikiwa asilimia 5 kwa mwezi, analipa 9,000 ya riba mwezi wa kwanza. Riba hiyo haiendi kwa tajiri. Inarudi sandukuni na mwisho wa mwaka inagawanywa.

Mwisho wa mzunguko, sanduku lote linahesabiwa. Tuseme zile 6,000,000 zimekuwa 6,900,000 kwa ajili ya riba. Hisa zote ni 3,000. Gawanya: kila hisa sasa ni shilingi 2,300. Aliyenunua hisa 150 aliweka 300,000, anaondoka na 345,000. Kisha kikundi kinaanza upya, na asiyetaka kuendelea anaaga kwa amani.

Kando ya hisa kuna mfuko wa jamii. Kila mtu anatoa, kwa mfano, shilingi 500 kwa mkutano. Pesa hiyo haina riba. Ni ya ugonjwa, msiba na moto. Kwa kikundi cha wanaume nashauri muongeze neno moja katika katiba: na kupoteza kazi. Andikeni kwamba mwanachama aliyepoteza kipato akitangaza ndani ya wiki mbili, ataruhusiwa kununua hisa 1 tu au kupumzika kwa mikutano kadhaa bila faini, na mkopo wake utapewa muda zaidi. Asiyetangaza hapewi nafuu hiyo. Kwa hiyo kusema mapema kunakuwa na faida, na kunyamaza kunakuwa na gharama. Hivyo ndivyo katiba inavyoweza kushindana na aibu.

[MUZIKI, SEKUNDE 10]

SEHEMU YA TANO: VIKUNDI VYA WANAUME HUVUNJIKIA WAPI

Ukitembelea vikundi vya akiba, hapa kwetu au Tororo, utaona wengi wa wanachama ni wanawake. Wanaume huja, kisha hupotea. Sababu zinajulikana, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni haraka ya pesa kubwa. Mwanamume anaona 2,000 ni pesa ya mtoto. Anataka milioni ili aanze biashara ya kuonekana. Lakini wale walioruka kutoka baiskeli kwenda pikipiki waliweza kwa sababu waliweka kidogo kwa muda mrefu. Dawa: wekeni hisa ndogo ambayo hata mtu wa kibarua hashindwi.

Ya pili ni kikundi kilichoundwa ili kipewe. Serikali ya Uganda ilianzisha Emyooga mwaka 2019 kwa watu wa fani mbalimbali, wakiwemo waendesha boda boda na makanika. Februari 2022 ukazinduliwa huko Kibuku, si mbali na Tororo, Mpango wa Maendeleo wa Parishi, unaowakopesha raia hadi shilingi 1,000,000 kwa nyumba kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ni mambo mazuri kwa anayestahili. Lakini watu waliokusanyika kwa sababu ya pesa ya nje hutawanyika pesa ikishagawanywa. Dawa: jiwekeeni wenyewe mzunguko mzima kabla ya kupokea shilingi ya mtu. Mkishajua nani analipa na nani ana maneno mengi, ndipo mfikirie pesa ya nje.

Ya tatu ni mkubwa asiyehojiwa. Wanaume hupenda kumpa mzee au mwenye mali uenyekiti, halafu wanaona haya kumuuliza pesa iko wapi. Hapo ndipo sanduku hulala nyumbani kwake na funguo zote. Dawa ni kufuli tatu, kuhesabu kwa sauti, na kila mtu kukumbuka salio la mkutano uliopita. Hata asiyejua kusoma anaweza kukumbuka namba moja.

Ya nne ni chupa. Kule Uteso wanaume hukaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na mambo mengi huamuliwa hapo. Sikatazi mtu mila yake. Nasema tu kwamba mkutano uwe asubuhi na chungu kiwe jioni, na aliyekuja amelewa waragi asikope siku hiyo.

Ya tano ni kusafiri. Mwanamume anakwenda Kampala miezi miwili kutafuta kazi, au anahama na ujenzi. Dawa: katiba iruhusu atume pesa kwa simu kupitia mwanachama aliyekubaliwa, na mtu huyo aikabidhi mkutanoni mbele ya wote.

SEHEMU YA SITA: NYUMBANI

Niliwaomba akina mama wasiondoke. Kikundi cha wanaume kinaweza kugeuka kuwa mahali pa kuficha pesa mbali na mke, na hapo kimeshindwa.

Kuna somo kutoka kwetu Kongo na kutoka Rwanda. Huko Kivu Kaskazini shirika la IRC liliendesha mpango unaoitwa EMAP, wanaume wakizungumza kila wiki kwa wiki 16 juu ya madaraka na ukatili nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mawazo ya wanaume yalibadilika na uhusiano wa nyumbani ulipata nafuu, lakini ukatili wenyewe haukuonekana kupungua kwa uhakika. Nchini Rwanda, mpango wa Bandebereho, ulioendeshwa na RWAMREC pamoja na Promundo, uliwaita wanaume na katika sehemu ya mikutano ukawaita na wake zao. Huko wake wenyewe walieleza kwamba kupigwa kulipungua. Tofauti kati ya mipango hiyo miwili ni nyingi, na sisemi mke mkutanoni ndiye sababu peke yake. Lakini kwangu inatosha kutushauri hivi: mara moja kila miezi mitatu, kikundi kiwaalike wake na kuwasomea daftari.

Baba, ikiwa mama ndiye analeta chakula mwaka huu, hajakunyang'anya kitu. Ameshika upande mmoja wa mzigo ule ule. Chota maji, palilia, wapeleke watoto shule. Busia mpakani wanawake wafanyabiashara wamelisha nyumba kwa miaka mingi, na wanaume waliowasaidia kubeba na kuhesabu wamefika mbali kuliko waliokaa wakinuna.

Na mama, akikuambia sina, usimcheke mbele ya watoto wala usilipeleke neno hilo bombani. Ukimcheka mara moja, hatasema tena.

SEHEMU YA MWISHO: WIKI HII

Nisiwadanganye. Kikundi hakimlishi mtu ambaye hana chochote leo. Mzee anayeishi peke yake, mgonjwa, au mama mwenye watoto wadogo aliyeondolewa kwenye mgao, aende kwenye dawati la malalamiko aombe hali yake iangaliwe upya, na majirani wamsindikize. Mtu asiyelala, asiyekula, au anayesema afadhali afe, hilo si jambo la sanduku. Msimwache peke yake, mfikisheni kituo cha afya cha Panyadoli siku hiyo hiyo.

Lakini wewe mwenye mikono na wenzako, anzeni hivi. Wiki hii tafuta wanaume wanne unaowaamini, wa kabila lolote. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na ya kujiunga katika vyama visivyo vya siasa, kwa hiyo msiogope kuketi pamoja na wenyeji. Kila mmoja aseme kweli: napata nini, nadaiwa nini, najua kazi gani. Wiki ya pili kila mmoja alete watu watatu. Mkishafika 15 au zaidi, andikeni katiba ya ukurasa mmoja, mfanye sanduku kwa seremala wa hapa hapa, na mumwone ofisa wa maendeleo ya jamii wa kata juu ya kuandikishwa. Ukiandikishwa, kikundi kinatambuliwa, na mkigombana kuna pa kwenda.

Kila mkutano, kabla ya kufungua kufuli, mwenyekiti aulize: kuna aliyepoteza kazi wiki hii? Na ninyi wengine mnyamaze kidogo, mpaka yule mwenye jibu apate nguvu ya kuinua mkono.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi vyenu vya kusikiliza ni matatu. Ni kazi gani hapa kwetu zimekufa tangu 2020, na zipi zimezaliwa? Ni sheria gani moja itakayomwezesha mwanamume kusema sina bila kudharauliwa? Na hisa iwe shilingi ngapi ili aliye chini kabisa aweze kuinunua?

Leteni majibu yenu studioni kabla ya kipindi kijacho, nasi tutayasoma.

[KIASHIRIA CHA KIPINDI, PANDISHA, MWISHO]